Jinsi Tumbo Langu Lilivyoharibu Kitabu cha Kingolei

Mliniandikia mkiuliza kama ni kweli mimi ndiye nilisaidia kutengeneza kitabu cha kwanza cha Kingolei, na kama naweza kuwaambia mambo mawili matatu ya kazi, ninyi vijana mnaokusanya maneno ya wazee kwa simu. Ni kweli nilisaidia. Pia ni kweli kwamba nilikiharibu kwanza, na hiyo sehemu naona hakuna aliyewaambia, kwa sababu waliobaki wakiijua ni mimi na mke wangu, na mke wangu huisimulia tu kukiwa na wageni. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mtanivumilia. Nikipotea njia ningojeni hapo hapo, nitarudi.

Wangolei msiwatafute kwenye ramani. Walikuwa nyumba chache juu ya Kiganjo, pale mashamba yanapoishia na msitu wa mlima unapoanza, watu wa mizinga ya nyuki tangu zamani. Sisi Wagikuyu tuliwazunguka pande zote, tukaoa kwao, wakaoa kwetu, na watoto wao wakienda shule walirudi wakiongea kama sisi. Wakati ninaousema, Uhuru ukiwa bado na rangi mbichi, waliokuwa wakiongea Kingolei kutoka asubuhi mpaka jioni bila kuchanganya walikuwa wazee tu. Kati yao aliyekijua kuliko wote alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Serai. Sisi tulimwita Cucu, vile tunavyomwita nyanya kwetu.

Lugha yenyewe ilikuwa ya kumchosha mtu. Kulikuwa na sauti moja ya kuvuta pumzi ndani, kama mtu anayeonja chai moto. Nyingine ilitoka nyuma ya koo, kama kizibo kikitoka kwenye kibuyu. Halafu kulikuwa na r tatu. Au l tatu, sijui mpaka leo. Mjue mimi ni mtu wa Othaya, na kwangu r na l ni mtu mmoja aliyebadilisha kofia. Cucu alikuwa akizisema zote tatu polepole, akinitazama mdomoni, na mimi nikirudia moja mara tatu, kwa bidii sana.

Vitu navyo waliviweka kwa makundi, kama vile Kiswahili kina ki na vi, lakini wao waligawa kwa njia yao. Kulikuwa na kundi la vitu vya kubebwa kichwani, kundi la vitu vya kubebwa mgongoni, na kundi la vitu visivyobebeka. Mtoto alianzia kundi la mgongoni, na akiota meno ya pili alihamishiwa kundi la visivyobebeka. Huko alikuta mlima, mto na mama mkwe.

Lakini kile kilichonimaliza ni mkia. Mwalimu niliyemfanyia kazi, ambaye nitamfikia sasa hivi, alikuwa na jina refu la kisomo la jambo hilo, mimi niliita mkia. Kwa Kingolei huwezi kusema tu kwamba mvua imenyesha. Ni lazima mwisho wa neno uweke mkia wa kuonyesha umejuaje. Kama uliiona kwa macho unaweka *ta*. Kama uliambiwa unaweka *mo*. Kama uliamka ukakuta majani yamelowa ukajijibu mwenyewe, unaweka *sui*. Usipoweka mkia wanakungoja umalize, wamekukazia macho, kama mtu aliyekatiza chafya.

Sasa mtauliza, mtu wa darasa la tatu aliingiaje kwa mambo kama haya. Niliingia kwa mdomo. Nilikuwa mpakiaji wa magunia ya mchele kule Wang'uru. Siku moja akaja bwana mmoja mrefu mwenye miwani na koti la mvua, anaitwa Mwalimu Njeru, mtu wa upande wa Embu, ambaye shirika fulani dogo lilikuwa limemwandika atoe vitabu vya kusomea watoto katika lugha ndogo ndogo za mlima. Hapo alikuwa amekuja kununua mchele tu. Akingoja kupimiwa, akatuuliza sisi wapakiaji kama kuna anayemjua mtu yeyote wa Wangolei. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Nikamwambia mama yangu wa kambo alikuwa Mngolei, na kwamba lugha yao ninaiongea kama maji.

Ukweli ni kwamba mama yangu wa kambo alikuwa ameniachia maneno kama arobaini hivi, na karibu yote yalikuwa ya kunifukuza jikoni. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu. Mwalimu Njeru akaniandikia barua kwa taipureta, ati mimi ni mjuzi wa lugha. Mke wangu aliitundika ukutani, na wageni wakija nilikuwa ninakaa chini yake.

Wacha niwaambie kidogo juu ya vyombo, kwa sababu naona ninyi mnatoa simu mfukoni na kazi imekwisha. Tepu yetu ilikuwa na magurudumu mawili na uzito wa mbuzi aliyeshiba. Siku yangu ya kwanza nilirekodi kutoka asubuhi mpaka saa tisa nikiwa nimebonyeza kitufe cha kusimamisha. Tulirudi Nyeri, ofisini kwetu nyuma ya duka la mabati, Mwalimu akaweka masikio tayari, na tukasikiliza kimya cha siku nzima. Betri zilikufa kwa baridi ya kule juu, na dawa yake ni kuziweka kwapani kuanzia chai ya asubuhi. Kuku ni adui, wafungieni mbali kabla ya kuanza. Upepo ukivuma, vika maikrofoni soksi. Ya kwetu ilikuwa soksi yangu, na Cucu alikataa kuongea karibu nayo mpaka ikafuliwe.

Turudi kwa tumbo.

Mwalimu Njeru alikuwa na mpango mzuri. Tufike, tusalimie, tufanye kazi mpaka saa nane, halafu ndiyo tule. Lakini kutoka Kiganjo mpaka kwa Cucu ni mwendo wa masaa mawili kupanda, na mimi ndiye nilikuwa na tepu mgongoni, na mkononi nilikuwa na mfuko wa mchele wa pishori ambao Mwalimu alikuwa akimpelekea Cucu kama zawadi. Nilikuwa ninaunusa njia yote. Kwa hivyo asubuhi ya kwanza, tukiwa tunakaribia lango, nikamwambia kwa uso wa mtu wa mila kwamba kwa Wangolei ni matusi makubwa mgeni kuanza kazi kabla ya kula. Mwalimu alisimama palepale njiani, akatoa daftari, akaandika.

Basi tukawa tunakula kwanza. Cucu alipika ule mchele kwa maziwa, wakati mwingine na asali pembeni, na mke wa mtoto wake, Wangechi, msichana wa kwetu Othaya aliyeolewa huko, alitupakulia mara mbili. Nikishashiba ndiyo kazi inaanza. Na kwa sababu Cucu alikuwa mzee na alichoka haraka, Mwalimu aliona ni huruma tusimsumbue sana. Yeye anatoa sentensi, mimi mjuzi ninaiweka kwa Kingolei, na Cucu anasema kama ni sawa. Nilikuwa ninasema, kisha ninamgeukia: ni hivyo, sivyo, Cucu? Naye anatabasamu, anaitikia, "Ndivyo."

Miezi mitano, vijana wangu. Ndivyo, ndivyo, ndivyo. Nilianza kuamini kwamba mama yangu wa kambo alinipa lugha yote na mimi ndiye nilikuwa sijui. Nikawa ninajibu hata kabla Mwalimu hajamaliza kuuliza. Mkia wa kuona kwa macho ndio niliokuwa nimezoea kusikia jikoni, kwa hivyo niliuweka kila mahali, hata baada ya Mwalimu kuanza kuniuliza juu ya ile mingine. Nilimwambia ile mingine ni ya wazee sana.

Kitabu kikajaa. Mwalimu akakipiga taipu, na mchapishaji mmoja pale Nyeri akaanza kupanga herufi. Ukurasa wa kwanza ungekuwa na picha ya Cucu na maandishi kwamba maneno yote humu ni yake. Mpiga picha alipanda mlima na kamera yake na akapigwa na nyuki. Cucu alivaa shanga zote alizokuwa nazo. Siku hiyo alishika zile karatasi za taipu, ambazo hakuweza kuzisoma, akazipima kwa mkono kama mtu anayepima unga, halafu akamwambia Mwalimu jambo ambalo sijasahau. "Watoto wa mtoto wangu wananiamkia kwa Kigikuyu," alisema. "Nikifa nataka wasome hapa wanisikie nikiwagombeza."

Wiki iliyofuata tulipanda kumsomea kitabu chote mara ya mwisho. Tukala kwanza. Mwalimu akasoma, Cucu akaitikia ndivyo kila ukurasa, na Wangechi alikuwa akipita na debe la maji. Alipofika mlangoni akasimama, akaweka debe chini, akashika mdomo. Akarudi nje mbio. Mimi nilifikiri ni ujauzito.

Tulipoondoka alitufuata na debe lake, ati anaenda mtoni. Mwalimu alikuwa ametangulia kama kawaida yake, miguu mirefu. Wangechi hakusema neno mpaka tulipovuka yale mawe ya mtoni, wote wawili. Akaweka debe chini.

"Wewe mtu wa kwetu, nani aliwaambia mle kwanza?"

Nikamwambia ni mila. Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Halafu akanieleza. Kwa hawa watu, alisema, mwenye jiko akishakulisha hakupingi tena. Hata ukimwambia jua linatoka magharibi, upande wa Nyeri, atasema ndivyo. Kukupinga na chakula chake kiko ndani yako ni kama kukutapisha. Mpaka uvuke maji uende kwenu. Na ukirudi kesho, hawezi kuanzisha mwenyewe yale ya jana, maana itakuwa amekwambia ulijiaibisha nyumbani kwake. Yeye mwenyewe Wangechi alipoolewa alikaa mwaka mzima akilishwa na mama mkwe, akiongea Kingolei chake cha kubahatisha, na nyumba nzima ikimwambia anaongea vizuri ajabu. Siku aliyopewa jiko lake mwenyewe, Cucu alimkalisha akamrekebisha mwaka wote kwa alasiri moja.

"Na kitabu?" nikamwuliza.

"Kitabu chako kinaanza na salamu. Unajua ile salamu ni nini?"

Nilijua. Ilikuwa ndiyo ile mama yangu wa kambo aliniambia kila asubuhi ya utoto wangu nikiingia jikoni.

"Hiyo tunaambia mbwa akilala mlangoni," alisema Wangechi.

Hiyo ilikuwa ukurasa wa kwanza, chini ya picha. Akaendelea. Somo la nyuki lilisema mzinga ulipanda mti ukiwa umebeba mtu. Watoto wote walikuwa kwenye kundi la mizigo ya kichwani. Na ile hadithi ya Mungu kuumba dunia, ambayo shirika liliipenda kuliko zote, nilikuwa nimeiwekea ule mkia wangu wa *ta* kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwamba Mungu aliumba dunia na sisi tulikuwa tumesimama pale kando tukitazama.

Nikamwuliza kwa nini asimwambie Mwalimu. Akaniangalia kama mtu anayeangalia sufuria iliyoungua. Alisema kitabu kikitoka hivyo, wazee wa nyumba zile nyingine watasema Serai amezeeka kichwa, au ameuza lugha kwa mchele wa Wang'uru. Jina ni lake, picha ni yake. Kwa hivyo mwenye mdomo mrefu aende akaseme mwenyewe. Akajitwika debe lake, akarudi.

Sikusema. Mnajua mtu akiwa na barua ukutani. Nililala siku nne nikipanga jinsi ya kurekebisha mambo kimya kimya, na siku ya tano nikapanda mlima peke yangu, bila tepu, bila Mwalimu, nikiwa na daftari la kununua mwenyewe. Mpango ulikuwa rahisi. Nisile. Nimwulize Cucu yote upya, anirekebishe, niingize kwenye karatasi za mchapishaji kama makosa ya taipu. Njia nzima nilijiambia usile, usile.

Nilifika nimeloa umande mpaka magotini. Cucu alitoka mlangoni na kibuyu cha uji wa moto, akaniwekea mkononi kabla sijamaliza salamu. Nilikunywa. Mkono ulifanya wenyewe, na mdomo ukaupokea. Nilikuwa nimefika katikati nilipokumbuka, na nikafikiri labda nusu haihesabiki, halafu nikaona ni aibu kuacha nusu, nikamaliza. Nikapangusa mdomo nikamwuliza, Cucu, kuna mahali nilikosea kwenye kitabu? Akanipapasa bega. Akasema nilisema yote vizuri sana.

Niliteremka mpaka Kiganjo nikijiongelesha, na watu wa dukani wakanipisha njia.

Kesho yake nilienda ofisini Nyeri nikamwambia Mwalimu Njeru. Sikuanza vizuri. Nilianza na habari ya mama yangu wa kambo, nikapitia Wang'uru, nikaenda Othaya kidogo, na Mwalimu akaniacha nizunguke mpaka nikaishiwa na barabara. Nilipomaliza alitoa miwani akaiweka juu ya kitabu.

"Ni nani aliniambia tule kwanza?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Hiyo mila uliitoa wapi?"

"Tumboni."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alivaa koti lake akaenda kwa mchapishaji, na mimi nikabaki ninasikia wale wa duka wakikunja mabati. Aliporudi alisema herufi zote zinabomolewa, na kwamba barua ya shirika ataandika yeye na kosa atalichukua yeye, kwa sababu ni yeye aliyeacha mpango wake. Nilimwambia basi mimi nirudi Wang'uru. Akasema la, nitabaki, maana mimi peke yangu ndiye ninajua ni wapi nilidanganya. Hiyo ndiyo barua ya kazi ya kweli niliyowahi kupewa, na haikuandikwa mahali popote.

Hapa vijana, msifikiri mambo yalikuwa yamekwisha. Ilikuwa rahisi kusema tutafanya kazi bila kula. Lakini Cucu alikuwa mwenye jiko, na mgeni akiingia ndani ya ua wake bila kuonja kitu, aibu ni yake. Asingeweza kutuacha tukae mbele ya moto wake na njaa. Na akitulisha, hawezi kutupinga. Tulisimama nje ya lango siku hiyo, Mwalimu akamweleza yote kwa Kigikuyu chake cha Kiembu, mimi nikitazama viatu vyangu. Cucu alisikiliza akiwa amesimama upande wa ndani, mkono juu ya mti wa kufungia lango.

Halafu akauliza, ile salamu iko kwenye picha yangu? Mwalimu akamwambia ilikuwa, lakini imetolewa. Akauliza ni kurasa ngapi mbaya. Mwalimu akanitazama. Nikasema ni zote. Cucu akaingia ndani, na nikafikiri ndiyo basi. Akarudi na kigoda chake, akakiweka chini upande ule wa ndani wa lango, akakaa.

"Kaeni huko huko nje," alisema. "Mkiwa huko si wageni wangu bado."

Hamjui alichokuwa anakubali, ngoja niwaambie. Kwa Wangolei, mwanamume anayeachwa nje ya lango mchana watu wakimwona ni wa aina moja tu: mchumba aliyekataliwa. Hakuna mwingine. Na hapo tulikuwa wanaume wawili wazima na mashine, tumekaa kwenye nyasi mbele ya lango la mjane mwenye wajukuu, kila siku, kuanzia umande mpaka jua kupinda. Kila aliyepita alijua hivyo, na wengi walianza kupita ambao hawakuwa na shughuli upande ule.

Neno la kwanza tulilomwuliza lilikuwa salamu. Nilisema ile yangu kama ilivyoandikwa. Cucu akasema, "Hapana." Miezi yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alilisema kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Akapumua, akalisema tena bila kuulizwa, hapana, halafu akatupa salamu yenyewe, ambayo ni ndefu na ina ile sauti ya chai moto mahali pawili, na mtu anayeamkiwa anajibu kwa kutaja alichokiona njiani. Mwalimu aliandika kalamu ikilia. Kufika saa sita tulikuwa tumefanya kurasa mbili, na Cucu alikuwa na mashavu kama msichana. Aliniuliza ni nani alinifundisha lile somo la nyuki, ni mbuzi? Aliniigiza nikisema r zangu. Alimwita Wangechi aje anisikie.

Lakini wiki ya pili alikuja Lemuta, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, akipeleka mbuzi malishoni. Alisimama na fimbo akatutazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Serai, chukua huyu mfupi," alisema. "Anaonekana anaweza kupasua kuni."

Hata Mwalimu alicheka. Lemuta akangoja tumalize kucheka, halafu akasema, polepole, kwamba nyumba ya kaka yake haikuwahi kumnyima mtu uji. Akaswaga mbuzi wake akaenda. Niliona uso wa Cucu. Alikuwa ametulia tu, akichora chini kwa kidole cha mguu, lakini maneno mawili yaliyofuata aliyasema akaharibu, akayarudia. Mwalimu akafunga daftari akamwambia tunaweza kuacha. Tunaweza kutafuta mzee mwingine mahali pengine. Cucu akamwambia afungue daftari.

Tuliendelea. Mvua za mlima zilianza, akakaa chini ya gunia na sisi chini ya koti moja, mimi nimelalia tepu kama kuku aliyeatamia. Cucu akaanza kukohoa. Hapo ndipo niliogopa kwa kweli, maana tulikuwa tumefika nusu, na ile sauti ya kuvuta pumzi ndani ilikuwa inamkata kifua kila mara. Nilikuwa ninaomba Mungu kwamba kama ni kikohozi anipe mimi, niliyekula. Siku tatu hakutoka, na sisi tulikaa pale langoni bila kazi kwa sababu hatukujua la kufanya lingine. Wangechi alitoka akasema Cucu anauliza kama bado tuko. Siku ya nne alitoka amejifunga blanketi mbili, na nyuma yake alikuwa Lemuta, amebeba kigoda cha pili.

Hakuna aliyenieleza waliongea nini huko ndani. Lemuta alikaa, akasema amesikia tunaandika maneno ya asali, na kwamba Serai hajui maneno ya asali kwa sababu hajawahi kupanda mti. Cucu akamwambia hata yeye tangu apande mti ni zamani. Wakabishana mpaka saa nane. Vijana, ile ndiyo tepu bora katika maisha yangu ya kazi. Mkitaka kujua lugha, msimwulize mzee mmoja mwenye adabu. Tafuta wawili wasiopatana, weka mashine katikati, fungia kuku, na unyamaze.

Tulimaliza mvua zikiwa zinakwisha. Mwalimu alisoma kitabu chote kutoka nje ya ule ua, na Cucu na Lemuta wakisikiliza kutoka ndani, na hakukuwa na hapana hata moja, na safari hii tulijua ni kweli kwa sababu matumbo yetu yalikuwa yanalia wazi wazi. Hadithi ya kuumbwa dunia ilikuwa na mkia wa kuambiwa, mwanzo mpaka mwisho, na ilisikika vizuri zaidi.

Cucu akasimama, akashika ule mti wa lango. Akatuuliza kama tumemaliza kuuliza, maana akishafungua ndiyo basi. Mwalimu akasema tumemaliza. Mimi nikasema bado moja. Sijui nilitoa wapi ujasiri, labda ni njaa.

"Cucu, mimi ninaongea Kingolei?"

Alifikiria kwanza, maana alikuwa mtu wa haki.

"Unaongea kama mtu aliyekalia ulimi wake," alisema. "Ingia ule."

Akafungua. Kulikuwa na ule mchele, na kuku, mmoja wa wale maadui, na asali ya aina tatu ambazo sasa nilijua majina yake. Tulikula mpaka Wangechi akauliza kama huko Nyeri kumepigwa marufuku chakula. Nikiwa kwenye sahani ya pili wakaingia wazee wa zile nyumba nyingine, waliokuwa wakipita langoni wakitucheka, wakakaa, na mmoja wao akamwuliza Cucu, je, huyu mfupi alijifunza chochote huko nje?

Cucu akaweka mkono kichwani kwangu. "Huyu?" alisema. "Huyu anaongea kama mtoto niliyemzaa."

Nilikuwa nimeshakula, kwa hivyo sikuamini hata neno moja. Nikamwomba aseme tena.